Makadirio Yenye Chumvi

Jumatatu, 3 Machi

Leo shemeji ameitandaza ramani ya nyumba yake mezani kabla sijamaliza kula, ncha moja ndani ya sahani yangu.

"Shemeji, kazi umepata," akasema. "Nataka kujua hii nyumba itakula kiasi gani. Utakuwa umelipa kodi kwa kalamu."

Huu ni mwezi wa saba naishi chumba cha uani kwa dada yangu, tangu kampuni niliyoifanyia kazi ilipofunga milango. Kwa miaka kumi na minne nimekadiria gharama za shule, maghala na zahanati. Shemeji anauza matairi. Hajawahi kuniuliza hata bei ya kitasa. Dada alicheka, kisha akaona uso wangu akaacha.

Nyumba yenyewe ina ghorofa moja, vyumba vitano, baraza pana mbele na ngazi ya mviringo. Hakuna nyingine kama hiyo, anasema, na hilo nakubaliana naye. Ana milioni tisini. Zaidi ya nusu ni mafao ya dada, aliyeacha uuguzi mwaka jana baada ya miaka ishirini na mitano. Hilo halisemwi mezani.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kiwanjani na futi ya kamba, daftari na kipande cha nondo cha mita moja. Kiwanja kiko kwenye mteremko. Waliomuuzia shemeji walipitisha tingatinga, wakakwangua upande wa juu na kusukumia udongo upande wa chini, ili mnunuzi akija aone uwanja umelala sawa kama kitanda. Nikaisimamisha nondo upande wa chini na kuikandamiza kwa viganja. Ilizama yote bila nyundo.

Chini kabisa, hatua ishirini kutoka mpakani, kuna kibanda cha matofali cha fundi cherehani. Ni mama wa miaka hamsini hivi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Anashona sare za shule. Alinipa kigoda bila kuacha kukanyaga cherehani.

"Mnajenga au mnapima tu? Maana wameshakuja wapimaji watatu."

"Tunajenga, mama."

"Basi maji yenu yasije kwangu."

Nikamwambia hayatakuja. Niliandika daftarini: ukuta wa kuzuia udongo, mita thelathini na mbili, mawe na nondo, mitaro nyuma yake. Bila huo hakuna nyumba.

Ijumaa, 7 Machi

Nimehesabu kutwa. Watu wakiwaza nyumba huhesabu tofali na saruji, wakamaliza. Hawahesabu kibali, maji ya kujengea, choo cha mafundi, mlinzi, gari la mchanga linalokwama kilimani, mbao zinazooza, mlango unaokuja umepinda, wala bei zinazopanda kabla lenta ya juu ya madirisha haijakauka. Ngazi yake ya mviringo peke yake ni bei ya chumba na choo.

Shemeji alipita uani mara tatu kuangalia kama nafanya kazi.

Jumanne, 11 Machi

Nimefika mwisho. Milioni mia na kumi na nane. Kati ya hizo, kumi na sita ni ukuta. Nimeipitia mara mbili, haina shaka.

Saa tisa nilikuwa naanua nguo nikamsikia shemeji sebuleni akiongea kwenye simu. "Huyu wa kwangu? Hana kazi, hana mume, nimemtupia makaratasi ajione mtu. Mtu wa kweli nitamtafuta baadaye."

Nikarudi chumbani. Bati mia mbili na kumi nikazifanya mia mbili na sitini. Vigae nikaviongeza, rangi nikaiongeza. Nimetia chumvi ya milioni kumi na tatu. Sasa ni mia na thelathini na moja. Akiona namba hiyo ataingiwa na baridi, ataachana na nyumba, na mafao ya dada yatabaki benki. Namfanyia dada wema.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji aliisoma akiwa amesimama. Kisha akaketi.

"Mia na thelathini."

"Na moja."

"Hii umekadiria nyumba yangu au ikulu?"

"Nimekadiria ulichochora."

Dada alichukua karatasi akasoma taratibu, kidole kwenye kila mstari, kama alivyokuwa akisoma kadi za wagonjwa. "Na huu ukuta ni lazima?"

"Huo kuliko vyote."

Shemeji akasema nimezoea kujenga kwa hela za serikali. Nikamwambia yeye amezoea kuuza matairi yaliyochakaa. Dada akatuomba tunyamaze, nasi hatukunyamaza.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna salamu.

Jumapili, 16 Machi

Mtu wa kweli amekuja. Anaitwa Nusu Bei, hata kwenye simu ya shemeji ameandikwa hivyo. Fundi mnene, mcheshi, penseli sikioni. Aliitazama ramani kwa muda wa kunywa chai kikombe kimoja, akaandika hesabu yake nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji: milioni themanini na nane.

"Ukuta wa kuzuia udongo uko wapi?" nikamuuliza.

"Ukuta wa nini, mama mkadiriaji? Mlima upo hapa hata babu yangu hajazaliwa. Umekwenda wapi?"

"Mlima haukwenda. Hapo chini siyo mlima, ni udongo uliomwagwa."

"Tutaushindilia."

Shemeji alikuwa anatabasamu tangu aliposikia themanini na nane. Alimmiminia chai ya pili kwa mkono wake mwenyewe. Mimi hajawahi kunimiminia hata maji.

Jumatano, 19 Machi

Nimeumbuka, na sina wa kumlaumu.

Nilikuwa nimesahau kwamba shemeji ni mfanyabiashara. Tangu Jumapili alikuwa akipita na orodha yangu maduka ya vifaa, duka kwa duka. Leo jioni alisubiri tuwe mezani wote. Akatoa karatasi mbili.

"Shemeji, paa langu linachukua bati ngapi?"

Nikajua. "Mia mbili na sitini."

"Maduka matatu yamenipigia hesabu kwa ramani hii hii. La kwanza mia mbili na kumi. La pili mia mbili na kumi. La tatu mia mbili na nane." Aliongea polepole, bila kupandisha sauti, na hilo liliniuma kuliko matusi. "Vigae umeongeza. Rangi umeongeza. Ni makosa?"

Ningeweza kusema ni makosa. Miaka kumi na minne kazini, makosa matatu kwenye karatasi moja, na yote yameangukia upande mmoja.

"Hapana," nikasema.

Dada aliweka kijiko chini.

"Lakini ukuta ni kweli," nikasema. "Ukuta sikuugusa. Kumi na sita, na bila huo udongo utashuka kwa yule mama mshonaji."

"Umenidanganya kwenye bati, ambazo naweza kuzihesabu," shemeji akasema. "Kwa nini nikuamini kwenye ukuta, ambao siwezi?"

 

Alhamisi, 20 Machi

Dada amekuja chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Nikamweleza nilichosikia kwenye simu. Nikamwambia nilitaka kulinda mafao yake.

"Usiniingize," akasema. "Ungetaka kunilinda ungeniletea namba ya kweli, nikapigana nayo. Sasa kila nikifungua mdomo ananitajia bati."

"Mzuie angalau kwa muda."

"Nimzuie kwa lipi? Kwa neno la nani?"

Aliondoka bila kurudishia mlango.

Jumatatu, 31 Machi

Mafundi wa Nusu Bei wamechimba msingi. Mvua ya kwanza imenyesha saa nane mchana, dakika kumi.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua tangu juzi. Nusu Bei ameomba nyongeza ya nondo. Nimeandika pembeni: milioni mbili na laki nne. Nimeanza orodha ya kila kinachozidi. Sitaificha hapa: nilifurahi.

Jumatatu, 14 Aprili

Kokoto, mara ya pili. Gari limekwama, likavunja ekseli, shemeji amelipa. Pampu ya kutoa maji kwenye msingi. Nilipika leo nikiimba.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimekwenda kuona kwa macho. Nguzo za mbele zimesimama, na udongo wote waliochimba kwenye msingi wameumwaga upande wa chini, juu ya ule wa tingatinga. Kuushindilia ndiko huko: toroli zimepita juu yake mara mbili. Pembezoni pana ufa. Mwembamba, unaanza kwenye nguzo ya kona na kwenda hatua kumi na tano. Nilipigilia vijiti viwili huku na huku, nikapima. Sentimita mbili.

Nusu Bei akaniona. "Mama mkadiriaji, ufa wa mvua huo. Jua likitoka unafunga."

"Na lisipotoka?"

Akacheka. Lakini aliutazama tena nilipogeuka, nilimwona.

Jumatano, 23 Aprili

Sentimita tano. Nimemwachia shemeji barua mezani, ina vipimo na tarehe. Jioni nimeikuta palepale, juu yake kikombe.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimeteremka kwa mama mshonaji. Alikuwa amezungukwa na sare, mafungu mafungu, na maji ya matope yalikuwa yameshaingia hadi miguu ya meza. Nikamwambia ahamishe mashine, alale kwingine mpaka mvua zikatike.

Hakuacha kukanyaga. "Shemeji yako aliniambia utakuja."

"Alisema nini?"

"Kwamba una kinyongo naye, umemwandikia hesabu za uongo, na utatia watu hofu ili kazi isimame." Akakata uzi kwa meno. "Nimemuuliza kama ulikana. Akasema hukukana."

"Hesabu ya bati ilikuwa ya uongo. Hii siyo."

"Binti, mimi nina sare themanini za kumaliza. Ugomvi wenu uumalizie huko juu."

Nilipanda kile kilima matope yakinivuta viatu. Wiki mbili nzima nilikuwa nikiandika orodha ya hasara za shemeji kama mtu anayehesabu magoli. Ufa niliuona siku sita zilizopita na sikumwendea huyu mama. Nilijiambia hainihusu. Ukweli ni kwamba nilitaka nyumba ile imshinde, na sikufikiria ikimshinda itamwangukia nani.

Jumatatu, 28 Aprili

Sentimita tisa. Nilimwambia dada nakwenda halmashauri kushtaki ujenzi.

Alinishika kifundo cha mkono, kwa nguvu za mtu aliyegeuza wagonjwa miaka ishirini na mitano. "Wakiuzuia, hela zangu zimekwisha. Unaelewa? Siyo zake. Zangu. Ziko ndani ya zile nguzo."

"Najua."

"Basi subiri mvua zipite."

"Nimesubiri siku tisa, dada."

Akaniachia. "Ukienda usirudi hapa."

Nimekwenda. Karani aliniuliza uhusiano wangu na mwenye kiwanja. Nikaandika: shemeji.

Jumatano, 30 Aprili

Mkaguzi amefika kiwanjani, akapima ufa mwenyewe, akapaka alama nyekundu kwenye nguzo ya kona na kuandika SIMAMISHA. Kisha akateremka kwa mama mshonaji akampa siku tatu za kuhama.

Niliporudi kuchukua vitu vyangu vilikuwa vimeshapangwa nje ya geti, godoro likiwa limefunikwa nailoni. Nadhani nailoni ni ya dada. Shemeji alisimama getini.

"Umefurahi?"

"Hapana."

"Mimi nakuombea mabaya yote," akasema, kama mtu anayetaja bei. Akafunga geti.

Nimepanga chumba nyuma ya duka la vioo.

Jumamosi, 3 Mei

Udongo umeshuka.

Nilikuwa pale. Nilikwenda asubuhi kumsaidia mama mshonaji kuhama, ingawa hakuniomba. Mkokoteni ulikuwa umepeleka safari mbili: vitambaa, meza, mashine ndogo. Mafundi wa Nusu Bei walikuwa juu wakiokoa mbao zao. Ilikuwa saa nne, mvua imepungua ikawa manyunyu. Mama mshonaji alikuwa njiani nami, ameshika pasi, aliposimama.

"Sare za darasa la kwanza," akasema. "Ziko nyuma ya mlango."

"Niende mimi."

"Hujui zilipo." Akanikabidhi pasi na kurudi.

Sikusikia kishindo nilichokitarajia. Ulikuwa mlio kama wa gunia kubwa linaloburutwa. Ukingo wote wa kiwanja ulikaa chini kwanza, taratibu, halafu ukaja mbio. Nguzo ya kona iliinama ikaufuata. Udongo uliingia kwa ukuta wa nyuma wa kibanda na kutokea mlangoni.

Nilipiga kelele jina la nani sijui. Nusu Bei aliruka kutoka juu, na mwili wake ule, akaanguka, akainuka. Tulichimba kwa majembe, halafu kwa mikono, kwa kuogopa kumchoma. Kucha za Nusu Bei zilikuwa zinatoka damu na hakuacha hata kupangusa uso. Shemeji alifika sijui saa ngapi. Nilishtuka tu nimeona mikono yake karibu na yangu, akifukua.

Tulimfikia kwa sababu mlango ulimwangukia na kumfanyia paa kifuani. Alikuwa anapumua. Mguu wa kulia ulikuwa chini ya boriti ya juu ya mlango. Dada aliitwa, akaja mbio, akatusukuma wote, akaufunga ule mguu kwa mikono ya sare za darasa la kwanza. Hakuwa ameshika mgonjwa tangu mwaka jana.

Jumapili, 4 Mei

Wamemkata mguu chini ya goti. Ni ule wa kukanyagia cherehani.

Jumanne, 6 Mei

Nilikwenda wodini. Aliponiona akageukia ukutani. Nesi akaniambia nitoke.

Alhamisi, 15 Mei

Kikao cha halmashauri. Meza ndefu, feni mbovu, watu saba upande mmoja na sisi upande mwingine: shemeji, dada, Nusu Bei, mimi kiti cha mwisho. Nilijua shemeji atasema nini. Nilikuwa nimejiandaa, nimekesha na majibu kama visu.

Mwenyekiti akaniuliza kwanza: "Makadirio haya uliyatayarisha wewe? Yalikuwa sahihi?"

"Hapana," nikasema. "Niliongeza milioni kumi na tatu kwa makusudi, kwa sababu nilimchukia mwenye nyumba. Ukuta haukuwa kwenye hizo kumi na tatu. Lakini aliponikamata kwenye uongo, ukuta nao ukapoteza maana. Hilo nimelifanya mimi."

Waliandika muda mrefu. Kisha wakamgeukia shemeji. Nikasubiri anikanyage. Nafasi alikuwa nayo.

Alikohoa. "Bati nilizihesabu maduka matatu," akasema. "Ukuta ningeweza kumuuliza mhandisi mmoja tu, yuko jirani na duka langu. Tunakunywa naye chai. Sikumuuliza kwa sababu nilijua atasema ndiyo." Akatazama mikono yake. "Hilo nalo liandikwe."

Nusu Bei alisema hana la kuongeza, ila kwamba aliuona ufa. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yeye.

Uamuzi: nguzo zivunjwe, ukuta ujengwe kabla ya kitu kingine chochote, mama mshonaji alipwe na mwenye kiwanja. Mimi barua ya onyo, na jina langu lisitumike kwenye kazi za halmashauri kwa miaka miwili. Nje, dada alinipita. Shemeji alisimama hatua moja kutoka nilipo, akaendelea.

Jumamosi, 24 Mei

Dada amepiga simu. "Shemeji yako anataka makadirio mapya. Ya ukuta na ya yule mama."

"Kwa nini mimi?"

"Nimemuuliza hivyo hivyo. Anasema wewe ameshakujua uongo wako unafananaje."

Jumatano, 28 Mei

Tumekaa barazani, shemeji upande ule wa meza, mimi huu, tangu saa tatu asubuhi. Kila mstari alinisimamisha. "Hii ya nini?" Nikamweleza. "Umepata wapi bei?" Nikamwonyesha. Akapiga simu mbele yangu kuhakikisha. Mara moja alinikuta nimekosea, nimeandika mawe pungufu. Akasahihisha bila kunitazama. Dada alituletea maji, gilasi mbili, akaziweka mbali mbali.

Ukuta sasa umefika thelathini na moja, maana lazima kwanza kuondoa udongo ulioanguka. Kibanda kipya milioni nne. Kilichobaki hakijengi nyumba yoyote. Dada alikuwa amesimama mlangoni alipousikia mstari huo wa mwisho. Akasema Jumatatu anaenda kuuliza kama zahanati binafsi zinachukua wauguzi wa umri wake.

Saa kumi tukabaki na kitu kimoja.

"Mguu tunauandika wapi?" shemeji akauliza.

Nikamwambia kwenye kazi yangu hakuna safu yake.

Akakunja karatasi. "Basi twende tukamuulize mwenyewe."

Jumapili, 1 Juni

Mama mshonaji yuko kwa mdogo wake, chumba cha mbele, mguu umewekwa juu ya mto. Hakutukaribisha kuketi. Shemeji alisimama mlangoni, mimi karibu na dirisha, karatasi mkononi.

"Nani kaandika hiyo?" akauliza.

"Sisi wote wawili," shemeji akajibu.

"Isome."

Nikasoma. Kibanda, cherehani, gharama za hospitali. Alisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala.

"Hamjui kuhesabu," akasema. "Andika."

Akaanza. Mota ya cherehani, kwa sababu mguu haupo. Umeme wa kuendeshea mota, kila mwezi. Mtu wa kumsukumia mashine mpaka mota ije, na chakula chake. Sare themanini zilizofukiwa, kitambaa na kazi, na wazazi waliodai warudishiwe. Shule mbili zilizompa kazi mtu mwingine, kwa mwaka. Mguu wa bandia, na wa pili huo ukichakaa. Pikipiki ya kwenda kliniki, kwenda na kurudi, mara mbili kwa wiki. Kodi ya chumba cha mdogo wake, ambaye hajamdai, lakini siku moja atamdai. Alitaja bei ya kila kitu bila kusita, na zile ninazozijua zote zilikuwa sahihi. Hakuongeza hata senti. Shemeji hakubisha mstari hata mmoja. Kuna wakati aliegemea kizingiti na kufunika macho kwa kiganja, mama mshonaji akamtazama mpaka akakishusha.

Alipofika mwisho akanigeukia.

"Jumla?"

Nikajumlisha, nikamtajia. Ilizidi bei ya ukuta.

"Rudia," akasema. "Mstari kwa mstari, kwa sauti, nisikie unavyofika."

Nikaanza upya, na yeye akawa anahesabu pamoja nami kwa vidole juu ya shuka.